Gunia Nililolinusa Nikanyamaza

Wakulima wa upande wa Njoro humwita daktari mtu yeyote aliyevaa koti jeupe karibu na ng'ombe. Mimi sikuwa daktari. Nilikuwa mpimaji wa maziwa katika kituo cha ushirika, kibanda cha mabati kando ya barabara, na kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kufungua mitungi ya watu, kuinama na kunusa. Vipimo vingine vilifuata baadaye. Pua ndiyo iliyotangulia, kwa sababu maziwa yaliyoanza kuharibika yana harufu ambayo ukishaijua haikupotei tena.

Niliifanya kazi hiyo miaka sita, na niliifanya vizuri. Ninalisema hilo bila kujisifu, maana muda si mrefu nitajisema mabaya ya kutosha. Nikiyakataa maziwa ya mtu sikumwaibisha mbele ya foleni. Nilimvuta kando nikamweleza kosa liko wapi: kiwele hakikukaushwa, au mtungi ulifunikwa ukiwa bado na maji ndani. Wengi walirudi kesho yake na maziwa safi. Kati yao alikuwepo mama mmoja mjane, mumewe alikuwa fundi wa reli, aliyeishi kwa maziwa ya ng'ombe mmoja tu. Sikumbuki hata siku moja niliyomrudishia mtungi wake.

Kilichonitoa pale ni harusi. Tulikuwa Kiamunyi, nimeketi na wenzangu tuliosoma pamoja chuoni, sahani za pilau mapajani, mmoja akanipigia kelele kutoka upande wa pili wa hema: "Niaje boss, bado unanusa maziwa ya watu?" Wote wakacheka. Nami nikacheka, lakini masikio yalikuwa yanawaka moto. Nilirudi nyumbani nikaviona viatu vyangu vya mpira mlangoni, nikavichukia kama vile ndivyo vilivyonitukana. Niliona haya pale ambapo hapakuwa na aibu yoyote, na huo ulikuwa upumbavu wangu wa kwanza.

Miezi miwili baadaye nilikuwa nauza chakula cha ng'ombe. Nilipewa pikapu, shati lenye nembo ya kampuni, na simu ambayo haikunyamaza. Bosi wangu mpya hakunificha sababu ya kunichukua. "Wewe wakulima wanakuamini," aliniambia. "Hiyo ndio tunataka." Nilidhani ananisifu. Leo nikiyakumbuka maneno yale natamani ningeinuka kwenye kile kiti nikatoka.

Msimu wa mvua ndefu mzigo mmoja ulinyeshewa njiani. Nilimpelekea yule mama gunia lake, nikalifungua mbele yake kama nilivyozoea, na kabla sijalikunjua mdomo vizuri harufu ya kuvu ikanipiga usoni. Siwezi kusema nilidhani, au nilishuku. Nilijua. Nilijua kama ninavyolijua jina langu. Lakini nilikuwa na wakulima wengine wawili wa kuwafikia kabla ya jioni, na kulirudisha gunia lile kungeniletea maneno na bosi, basi nikasema, "Iko sawa, mama." Akanijibu, "Asante, daktari," akaniletea chai. Nikainywa yote.

Baada ya majuma machache nilikutana na ofisa wa mifugo kwenye kituo cha mafuta. Akanisimulia huku akicheka. Ng'ombe wa yule mama alikuwa amepunguza maziwa, kisha mimba ikatoka. "Huyo mama ni mgumu bwana! Nimemwambia ni chakula iko na kuvu, akakataa kabisa. Anasema hiyo alipewa na daktari, haiwezi kuwa mbaya." Nilicheka pamoja naye. Nimefanya mambo mengi ya kipuuzi maishani, lakini kicheko kile pale kwenye pampu ndicho ninachokionea aibu kupita vyote. Na bado nilikaa miezi mitano bila kukanyaga kwake. Nikifika njia panda ya kuelekea kwake nilikata kona upande wa pili, mwizi kamili.

Mwisho wa mwaka kampuni ilitupeleka kwenye hoteli moja karibu na Elmenteita tufundishwe kujitathmini. Mwalimu alitugawia karatasi, tuandike siku moja ya kazi ambayo tungependa irudi. Niliandika siku niliyoongoza kwa mauzo. Nikaisoma kwa sauti, nikapigiwa makofi, nikaketi nikitamani sakafu inimeze, kwa sababu siku hiyo hata sikuikumbuka. Niliitunga.

Nikirudi mjini niliegesha gari kando ya barabara pale Kariandusi, ambapo vumbi jeupe la machimbo hukaa juu ya majani, nikaigeuza ile karatasi. Nikajaribu tena, safari hii bila wa kunipigia makofi. Niliitafuta hiyo siku katika miaka yote ya pikapu nisiipate. Iliyonijia ni asubuhi moja ya baridi kituoni, mzee mmoja ambaye maziwa yake nilikuwa nimeyakataa juma zima. Siku hiyo yalikuwa safi. Nilipomwambia, alipanda baiskeli yake akaondoka anacheka peke yake barabarani. Basi. Hiyo ndiyo siku niliyoitaka. Chini yake nikaandika habari ya gunia, sentensi moja tu, na ilinichukua muda mrefu kuliko ripoti yoyote niliyowahi kuandika. Watu husema ukijitazama ndani utaona unakotaka kwenda. Mimi kabla ya kuona huko ilibidi nimwone niliyemwumiza.

Nilirudi kituoni kuomba kazi yangu ya zamani, na meneja wa ushirika hakuniuliza mengi. "Koti yako bado iko hapo," akasema. "Viatu utajinunulia." Nilipaswa kuanza Jumatatu. Jumamosi nikaenda kwa yule mama.

Nilimkuta anasuuza ndoo nje ya jikoni. Ng'ombe yule alikwisha kumwuza kwa mchinjaji, na zizini palikuwa na mtamba mmoja mwembamba. Alinikaribisha nikakataa kuketi. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima garini, lakini yote ikanitoka.

"Mama," nikamwambia, "ile gunia ya wakati wa mvua, nilinusa. Nilijua ni mbaya. Nikakudanganya."

Aliendelea kusuuza ndoo. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na kwa kufukuzwa, hata kwa machozi.

"Hata mimi nilinusa," akasema.

Nilimwuliza kwa nini basi alimlisha ng'ombe.

"Si wewe ulikuwa umesimama hapo? Nikasema, kama daktari anasema iko sawa, basi ni pua yangu ndio imezeeka." Aliipindua ndoo juu ya jiwe, akajifuta mikono kwa leso. "Tangu hiyo siku sijiamini. Hata mboga naita jirani anionjee."

Nilimwambia pole, na hilo pole nikalisikia lilivyo dogo. Yeye akaingia stoo, akatoka na konzi ya chakula cha mtamba, akaninyooshea.

"Hii nimeletewa jana. Ninusie."

Nilimtazama nione kama ananikejeli. Hakuwa ananikejeli. Harufu ilinifikia kabla hata sijainama, na ilikuwa nzuri, ya mahindi makavu.

"Anza wewe, mama," nikamwambia. "Wewe ndio uniambie."

Akaupeleka mkono puani, akavuta pumzi, lakini macho yake yalikuwa kwangu, yananichunguza uso.