Mgane Katika Soko la Akina Mama

Mwezi uliopita nilikwenda Kigwa msibani, nikashindwa kutulia mkekani. Mwisho nikatoka, nikavuka reli hadi pale lilipokuwa soko la akina mama. Wewe uliyekulia upande huu labda unalikumbuka: wanawake watupu, kuanzia wauzaji hadi anayepanga nani akae wapi. Mwanamume alikuja kununua, akaondoka.

Bibi yangu aliuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juani. Mimi nilifukuza mbuzi na kupepeta karanga, na baina ya kazi hizo nilizunguka tu. "Wewe mtoto umekalia upupu?" bibi aliniuliza. Lakini nani angetulia? Nyuki walivuma juu ya ndoo za asali, na honi ya treni ikilia wote waliinuka, wakakimbilia madirishani na sinia kichwani, kisha wakarudi wakihema.

Siku moja akaja jirani yetu, mgane aliyekuwa amemzika mkewe majuma machache tu nyuma. Alitua tenga la uyoga pale pale alipokuwa akikaa marehemu, ubavuni mwa bibi.

Muuza chumvi, ndiye mkubwa wa soko, akamfuata.

"Shemeji, pole sana. Lakini unajua hapa wanaume hawauzi. Tuachie uyoga, tutakuuzia."

"Uyoga si kitu, dada. Nyumbani ndiko siwezi kukaa. Kila saa namsikia jikoni."

"Tukikuruhusu wewe, kesho watakuja kumi. Keshokutwa sisi tutabaki wa kufagia."

Yule baba akainama kulinyanyua tenga lake. Bibi akalishika.

"Akae," alisema. "Hao kumi wakija, nitawafukuza mimi."

Muuza chumvi aliondoka amenuna, na kwa siku nyingi hakumwitikia bibi salamu.

Mgane alikaa msimu mzima wa uyoga. Mwanzoni akina mama walimpa kisogo. Halafu treni ikaja, mmoja akamtupia mwanawe mapajani bila kuuliza, akakimbia. Tangu hapo kila honi ilipolia alibaki na watoto wa watu, anawabembeleza na kulinda vitu vya soko zima. Uyoga ulipokwisha aliamka asubuhi moja, akamshukuru bibi, akarudi shambani kwake. Hakuuza tena.

Ila muuza chumvi hakukosea. Bibi alipofariki, wanaume walikuja, wakajenga fremu za maduka za matofali. Akina mama wakasukumwa pembeni, kisha mmoja mmoja wakabaki majumbani. Siku ile ya msiba nilimwuliza kijana wa duka la simu walikokwenda. "Akina mama gani?" akasema, wala hakuinua macho.

Nilizunguka zile fremu mpaka watu wakaanza kutoka kwenda makaburini. Ubishi ule wa bibi na muuza chumvi ungetokea leo, sijui ningesimama upande wa nani.