Yeremia na Mikwaruzo ya Gari la Boma

Dina alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake Iguguno, anapepeta mtama, alipomwona Urbano akija kwa miguu kutoka barabarani. Urbano alikuwa dereva wa boma la Singida, na Dina hakuwahi kumwona akitembea mahali ambapo gari lingeweza kufika. Leo lori alikuwa ameliacha kule chini, na kofia ameishika mkononi.

"Karibu, shemeji," Dina alisema, akautua ungo.

"Ahsante. Kaa kwanza."

"Nimekaa."

"Kweli, umekaa." Urbano aliutazama mtama. "Yeremia ametuacha, shemeji. Leo asubuhi. Alisema kifua kinambana, tukamkalisha kivulini, na hata hospitali hatukuwahi kumfikisha. Hakuteseka. Hilo nakwambia mbele ya Mungu."

Dina alimimina mtama kikapuni, akaufunika ili kuku wasiufikie, ndipo akalia.

Majirani walikuja, wakatandika mikeka. Baada ya sala, mmoja wao aliuliza ilikuwaje mume wake akakaa bomani miaka kumi na tisa, naye aliondoka akisema anakwenda msimu mmoja tu. Dina alijibu kwamba ni habari ndefu. Lakini moyoni alikuwa amekwisha kurudi Utemini, mjini Singida, kwenye kile chumba chao kimoja cha mwaka wa kiangazi kirefu.

Mwaka ule ng'ombe wao wote walikufa, akabaki mtamba mmoja. Yeremia akapata kazi ya kuosha gari la Bwana DC, gari jeusi ti. Kila asubuhi alichota madebe mawili kisimani, na kila asubuhi Dina, na mwanawe Filipo mgongoni, alisimama kwenye foleni ya wanawake akarudi na nusu mtungi wa maji ya tope.

"Baba Filipo," alimwambia siku moja, "watu wanakunywa udongo na wewe unaogesha gari. Ziwa lile pale limejaa."

"Singidani ni chumvi tupu, mama Filipo."

"Kwani gari lina ulimi?"

Yeremia alicheka sana. Kesho yake akachota maji ya ziwani.

Maji yalikauka upesi kwa upepo wa Singida, yakaacha unga mweupe juu ya rangi. Yeremia akachukua gunia kavu akaufuta unga ule, akizungusha mkono kama mtu anayesugua sufuria. Kivulini gari lilionekana safi. Saa sita Urbano alilisogeza juani, akazima injini, akashuka. Boneti yote na milango yote miwili ilikuwa imejaa mikwaruzo myembamba ya duara, duara ndani ya duara, kama buibui wamefuma hapo.

"Umelipiga msasa?" Urbano aliuliza.

"Nimelifuta tu."

Urbano aliangalia huku na huku. "Sikia. Jana wafungwa walikuwa wanafyeka hapa. Sema wao ndio walioliosha. Nani atamwuliza mfungwa?"

"Mungu atamwuliza. Tena ataniuliza mimi."

"Mungu hana gari, Yeremia. Mwenye gari ni Bwana DC."

Siku ile Yeremia hakugusa ugali. Alimweleza mkewe yote. "Ni mimi niliyekutuma," Dina alisema.

"Mkono ni wangu," Yeremia alijibu, akapiga magoti kusali.

Asubuhi alikwenda mwenyewe kwa Bwana DC kabla hajaitwa, akasema: nimelikwaruza gari kwa maji ya ziwa na gunia. Habari za mke hakuzitia. Bwana DC alilizunguka gari lake mara mbili.

"Leo Jumatatu," alisema hatimaye. "Jumamosi napokea mgeni mkubwa. Gari likiwa hivi, utarudi kwenu Iguguno."

Kurudi Iguguno mwaka ule maana yake ilikuwa kuuza yule mtamba, kisha kukaa kuitazama ghala tupu. Yeremia alikwenda kwa fundi mmoja wa rangi mjini, akamweleza shida yake. Fundi akampa robo kopo ya dawa ya kusugulia, akamwonya.

"Usidhani dawa hii inaufuta mkwaruzo. Inapunguza rangi iliyouzunguka mpaka ilingane nao. Na rangi yenyewe ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukifika kwenye bati, umekwisha."

Kwanza chumvi yote ilibidi itoke, na chumvi haitolewi na maji ya chumvi. Dina akabeba maji ya kisimani, debe baada ya debe. Wanawake hawakuacha kumtania.

"Mama Filipo, gari lenu limezaa pacha? Mbona linakunywa hivi?"

"Ni gonjwa," Dina alijibu, akatia kata kisimani bila kuinua uso.

Vitambaa navyo vilitakiwa viwe laini, visivyo na pindo wala uzi mgumu. Dina alikata winda za mtoto, zile zilizofuliwa mpaka zikawa kama pamba. Urbano aliposikia alishika kiuno. "Gari la Serikali linasuguliwa kwa winda? Haya, angalau mtoto yuko salama, na baba yake tutajua Jumamosi."

Yeremia alianzia chini ya madigadi, mahali pasipoonekana, kipande kama kiganja. Akazungusha mkono kama alivyozoea, na duara mpya zikatokea. Alikuja nyumbani mchana amenyong'onyea. Dina alikuwa anasaga mtama kwenye jiwe, mbele nyuma, mbele nyuma. Alisikiliza, akaacha kusaga.

"Mbona unazungusha? Jiwe langu mimi sizungushi. Nenda moja kwa moja."

Tangu hapo Yeremia alisugua kwa mstari, kutoka kioo kuelekea taa, kwa mkono mwepesi, kivulini, rangi ikiwa imepoa. Kila kitambaa alikikunja upande mpya baada ya misuguo michache, na kikianguka chini hakukiokota tena kwa kazi ile. Boneti ilimchukua siku mbili. Milango siku moja na nusu. Ijumaa aliyeyusha nta ya nyuki ya Itigi, akaichanganya na mafuta ya taa kidogo, ikapoa, akaipaka nyembamba kisha akaifuta kwa winda ya mwisho.

Jumamosi gari lilisogezwa juani. Dina alisimama mbali, karibu na ua wa boma, mtoto mgongoni. Alimwona Bwana DC akiinama, akitazama kwa upande, akisogea, akiinama tena. Kidole kikasimama karibu na taa.

"Na huu?"

"Huo umezama, Bwana," Yeremia alisema. "Nikiendelea tutaona bati. Naomba ubaki."

Bwana DC alipitisha ukucha juu yake. Kisha akajinyoosha. "Uache. Jumatatu njoo saa kumi na mbili, kama kawaida."

Ndivyo msimu mmoja ulivyokuwa miaka kumi na tisa. Mabwana walibadilika, magari yakabadilika, Yeremia akabaki. Wamisionari walimletea magari yao, na wenye maduka pia. Jumapili hakushika kitambaa hata aombwe vipi. Alikuwa kanisani, anaimba sauti ya chini. Dina alirudi Iguguno kulima, wakanunua ng'ombe mmoja mmoja, na kila mwisho wa mwezi mumewe alikuja na sukari na habari za mjini. Walicheka sana watu wale wawili.

Siku ya pili ya msiba Urbano aliuleta mwili kwa lori. Mwinjilisti Naftali alisimama mbele ya waombolezaji akasoma maisha ya marehemu kutoka kwenye karatasi. Alipofika pale aliposema kwamba Yeremia, kwa kutojua, aliosha gari la boma kwa maji ya Singidani, Dina aliinuka kidogo kutoka mkekani.

"Alijua, Mwinjilisti. Alinikanya. Mimi ndiye niliyemtuma."

Urbano akajifuta uso kwa kofia. "Shemeji, miaka kumi na tisa nimemtania mtu asiye na kosa."

"Hata mara moja hakukwambia?"

"Hata mara moja."

Wengine walicheka kidogo, machozi yakiwatoka. Naftali akatoa penseli, akaandika, akaendelea kusoma.

Walimzika saa nane mchana, kando ya kaburi la baba yake. Wanaume wanne walilishusha jeneza kwa kamba. Dina alitupa udongo, Filipo akafuata, kisha ndugu, kisha watu wa boma. Wakaimba wimbo mmoja, Naftali akaomba. Udongo ulipojazwa ukasimamishwa msalaba wa mti wenye jina lake. Watu walinawa mikono, wakala, na waliotoka mbali wakaaga wakaondoka kabla jua halijatua.