Sekela na Kitufe Kilichosema "Imetumwa"

Saa mbili asubuhi Sekela anabonyeza kitufe, na herufi nyekundu zinajaa kwenye kioo cha kompyuta: "Kazi hii haijaandikwa." Anaridhika. Bosi wake, Edgar, anayepita na kikombe cha chai, haridhiki.

"Sista, yule mama wa zahanati anakuja saa nane. Hayo madude mekundu toa. Acha patupu, utajaza baadaye."

Ni ofisi ya vyumba viwili Mikocheni, wanaandika programu za zahanati. Kabla ya kuandika kazi zenyewe ambazo programu itafanya, huweka kwanza majina yake: sajili mgonjwa, tuma ujumbe. Maelekezo ya kazi hukaa chini ya jina, ndani ya mabano. Yasipokuwemo kompyuta hailalamiki. Inapita tu, kana kwamba kazi imefanyika.

Mwaka jana jina moja liliachwa tupu hivyo ili programu ipendeze siku ya kuonyeshwa. Aliyeliacha akahama kazi, programu ikapelekwa zahanati moja ya Mbagala. Nesi alibonyeza kitufe cha kutuma ujumbe, kioo kikaandika "Imetumwa". Hakuna kilichotumwa.

Somoe, muuza vitumbua wa hapo Mbagala, alikuwa na mimba ya miezi saba. Vipimo vilionyesha dalili za kifafa cha mimba, na ujumbe ule ulikuwa wake. Lakini alikuwa ameambiwa, kama ilivyo kawaida ya pale, kuwa majibu yakiwa mabaya atapata ujumbe. Akiona kimya asihangaike kurudi.

"Nilikuwa nalala na simu," anasema. "Kimya. Nikamwambia mume wangu, mie na mtoto tuko salama."

Alianguka jikoni. Yeye alipona. Mtoto alizikwa hajalia hata mara moja.

Sekela ndiye aliyetumwa kutafuta kosa. Alikuta jina, mabano, na katikati hamna kitu. Tangu hapo kazi ambayo hajaimaliza anaifanya isimame na kujisema kwa herufi nyekundu kwamba haijaandikwa. Wenzake wanamtania kwamba siku hizi anaogopa hata mabano.

Safari hii ni zahanati nyingine, na kazi ya kutuma ujumbe ndiyo bado. Edgar anasema mteja akiondoka, mishahara nayo imeondoka. Sekela analijua hilo. Wake ndio unaolipa pango la nyumba Madale na dawa za mama yake.

Anavuta kiti, anaanza kuandika.

"Naomba niimalize kabla mteja hajafika," anamwambia Edgar. "Nisipoimaliza, nitamsubiri mlangoni. Nitamwambia, shikamoo mama, programu bado haitumi ujumbe, wagonjwa wenu wapigieni simu wenyewe. Ukinifukuza, bosi, nifukuze yule mama akiwa ameshasikia."