Fuawe ya Bi Nyamizi

Ninyi mliokulia Tabora miaka ile ya vijiji vya Ujamaa hamhitaji kuelezwa asubuhi zetu zilikuwaje. Mchakamchaka kabla jua halijachomoza, vumbi mpaka kwenye kope, jembe begani, maana kwenda shule bila jembe kulikuwa sawa na kutokwenda. Mfukoni tulitia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tukavitafuna taratibu ili vifike saa ya mapumziko. Jioni tulicheza rede mpaka mama zetu waanze kutuita kwa majina ya baba zetu, ndipo ujue mambo yameharibika. Wajukuu zangu nikiwasimulia habari ya jembe shuleni, huniuliza kama tulikuwa wafungwa.

Mengi ya majembe hayo, pale kwetu Ipuli, pembeni mwa mji, yalipita mikononi mwa baba. Baba alikuwa mhunzi. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya nyumba, na harufu ya makaa na chuma cha moto ndiyo ilikuwa harufu ya nguo zetu, hata siku ya Idi. Lakini baba hakuwa na fuawe, lile pande zito la chuma ambalo mhunzi huweka kazi yake juu yake anapoifua. Alifulia juu ya kipande cha reli. Kwa jembe la mkono kilitosha. Kwa plau ya ng'ombe kilirukaruka kama mbuzi, na plau iliyonyooshwa hapa ikapinda pale.

Na wakati ule kila kijiji kipya kilitaka plau. Watu walileta, wakasubiri, wakaondoka nazo zikiwa zimepinda vilevile. Kisha wakaacha kuleta. Kiongozi mmoja wa mtaa akamwambia baba waziwazi: fundi asiye na kazi mjini, nafasi yake iko kijijini akalime tumbaku. Tangu siku hiyo baba hakukalika. Alianza chai akaiacha, akaenda kibandani, akarudi, akasimama mlangoni akitazama barabara kana kwamba kuna mtu amemwahidi kitu.

"Baba Tausi, umekanyaga siafu?" mama alimuuliza. "Kaa chini, unatutia kizunguzungu."

Siku moja akaja abiria wa treni kutoka Tura na habari. Mhunzi mmoja mzee amefariki huko, na mjane wake, Bi Nyamizi, anauza fuawe. Lakini kuna mfanyabiashara wa vyuma chakavu ameshaiona, na atarudi na gari juma lile lile. Tena mjane yuko edani, haonani na wanaume wasio ndugu zake. Baba akamgeukia mama. Mama akaelewa kabla hajaambiwa.

Kesho yake tukapanda treni, baba, mama na mimi. Njia nzima baba alimfundisha.

"Usiipige kwa nguvu. Dondosha nyundo tu. Fuawe nzima huirudisha nyundo juu, na hulia kama kengele. Iliyopasuka husema pu, kama mtungi wenye ufa."

"Miaka yote nazikimbia kelele zako," mama akasema, "leo ndiyo unanifundisha kuzisikiliza?"

Nilicheka, baba hakucheka. Alikuwa akisimama kila kituo kuangalia kama tumefika.

Pale Tura jirani mmoja alituonyesha nyumba. Baba akabaki nje ya ua wa mabua, mimi na mama tukaingia. Bi Nyamizi alikuwa ameketi barazani kwa nguo nyeupe, anabangua karanga. Tukapiga magoti, mama akamwita mama kwa Kinyamwezi.

"Shikamoo, mayo."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kwa ajili ya kile chuma?"

Kilikuwa uani, chini ya paa la nyasi, juu ya gogo. Kizuri, cheusi, kiunoni kimezungushiwa mnyororo. Mama akashika nyundo kwa mikono miwili, akaiachia.

Pu.

"Rudia!" Sauti ya baba ilitoka nyuma ya mabua.

Pu.

Kisha baba akasema, polepole, "Mama Tausi, tokeni tuondoke. Imepasuka."

Nililiona lile shamba la tumbaku, nikajiona natolewa Ipuli na marafiki zangu wote. Lakini mama hakutoka. Alikuwa akiutazama mnyororo.

"Mayo, huu ni wa nini?"

"Aliufunga marehemu," Bi Nyamizi akajibu. "Nilimlalamikia kwamba kichwa kinaniuma kwa makelele. Akaifunga hivyo ili inyamaze kidogo."

Mama aliinama akaufungua, pete moja baada ya nyingine, vidole vikaingia kutu. Akadondosha nyundo tena. Nyundo ikaruka, na ule mlio ukatoka safi, mrefu, ukawatoa kuku chini ya ghala.

"Alhamdulillahi!" baba akapiga kelele huko nje.

Huku ndani Bi Nyamizi alikuwa amejifunika uso kwa nguo. Alipojifunua alisema neno moja tu.

"Siuzi."

Baba hakusikia. Aliendelea kumshukuru Mungu na kutembea huku na huku, tukisikia ndala zake. Mama hakubishana. Hakulitaja gari la vyuma chakavu. Alikwenda barazani, akakaa karibu na yule mjane, akavuta ungo, akaanza kubangua karanga. Mimi nikakaa nao, miguu ikiniwasha kwa kutaka kukimbia.

"Mama Tausi!" baba aliita baadaye. "Treni inakuja!"

"Ina njia yake, itapita. Tulia!"

Treni ilifika, ikapiga honi, ikaondoka kuelekea Tabora bila sisi. Bi Nyamizi akaanza kuzungumza. Alieleza jinsi marehemu alivyopenda uji wenye karanga, jinsi alivyoimba vibaya akifua chuma. Kisha akamuuliza mama:

"Na wako naye anakuamsha kwa makelele?"

"Kila siku, mayo."

"Nawe humlalamikia?"

"Kila siku."

"Basi usimlalamikie tena." Akafuta macho. "Ichukueni. Yule mwenye gari ataipeleka ikayeyushwe. Bora iende kwa mtu wa kuifulia. Lakini msiifunge."

Tulilala kwa jirani. Asubuhi vijana wanne waliibeba kwa miti mpaka stesheni, na baba akasafiri kwenye behewa la mizigo, ameikalia, kwa hofu kwamba itamtoroka.

Plau zilirudi Ipuli, na wenye plau wakarudi. Habari ya tumbaku haikusikika tena nyumbani kwetu. Mama alitimiza agizo: hakulalamika hata siku moja, ila kila asubuhi alijaza pamba masikioni, akawa haitiki tukimwita. Eda ilipokwisha Bi Nyamizi alikuja kututembelea na kikapu cha karanga, akawa anakuja kila mavuno mpaka mauti yake. Tulimwita bibi. Hatukuwa na udugu naye ila huo wa chuma.

Baba na mama wametangulia. Nyumbani kwangu vijana wananunua kwa simu. Wanagusa kioo, bodaboda inafika, wanachana boksi, wanatupa boksi, jioni wanagusa tena. Nami siku hizi sikai vizuri, nazunguka uani kama baba, natoka mlangoni narudi. Juzi mjukuu wangu aliletewa redio ya mitumba, nikamuuliza ilikuwa ya nani.

"Bibi, ni redio tu. Imefika."

Kweli, imefika. Imetoka nyumba gani, na nani amebaki pale akiitazama inaondoka, hakuna aliyekaa naye barazani kumuuliza.