Nilimsugua Bikira Maria kwa ndimu na jivu

Admin, jina langu lifiche, lakini Mtopanga ninakokaa iache, ni kubwa. Nina miaka thelathini na minne, nimeolewa, tunaishi na mama mkwe wangu. Ninayoandika hapa mume wangu hayajui.

Huyu mama mkwe, Mama ninavyomwita, alikuwa mpishi wa padri mmoja wa Kizungu, na padri alipoondoka alimwachia picha ya Bikira Maria ya enzi za ukoloni, iliyotoka Meksiko. Joho la Bikira limepambwa kwa vipande vya kombe la chaza. Asubuhi dirisha likifunguliwa, lilikuwa linameremeta chumba kizima. Mama ana mtoto wa jicho. Sura za watu hazioni tena, alikuwa anaona ule mng'aro tu, na ndio aliokuwa akiuamkia kila siku.

Sasa mimi usafi ni ugonjwa wangu, na kusifiwa napenda, sifichi. Pasaka ilikuwa inakaribia, nikaona joho limeingia moshi. Nikalisugua kama tunavyosugua shaba huku kwetu, kwa ndimu na jivu. Haki ya Mungu sikujua kwamba ndimu hula kombe. Nilipofuta, joho limepauka kama chokaa ya ukutani. Nikairudisha msumarini, nikanyamaza. Mume wangu hata hakuona, wanaume ukutani hawatazami.

Asubuhi yake Mama akakaa mbele ya picha muda mrefu, kisha akaniita.

"Abee, Mama."

"Dirisha umefungua, mwanangu?"

"Nimefungua."

"Basi macho yangu yamekufa. Hata Maria simuoni."

Ningesema pale pale. Badala yake nikamshika mkono nikamwambia, "Pole, Mama." Naona haya mpaka leo.

Tangu siku hiyo amekataa kupasuliwa macho. Zamu yake hospitali ni Alhamisi, tumeingoja miezi. Anasema, "Nafasi yangu mpeni ambaye macho yake bado yako hai." Mume wangu ananiambia, "Wewe anakusikiliza, hebu mbembeleze." Nami nambembeleza kweli, huku neno ambalo lingemwinua, kwamba kilichokufa ni joho wala si macho yake, nimemficha.

Jana wenzake wa jumuiya ya kanisani walikuja kumwombea. Mama akawaambia, "Msinililie. Mkwe wangu huyu ndiye macho yangu." Wote wakanigeukia wakanisifu. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikisema, akipona kitu cha kwanza atakachokiona ni joho nililoliharibu. Nikinyamaza, atabaki gizani kwa sababu yangu. Alhamisi ni keshokutwa. Nishaurini jamani, namwambiaje mtu ambaye kila nikimletea chai ananibariki?