Jani Nililolitibu Dukani Lilitoka Chumbani kwa Mwanangu

Wakubwa shikamooni, wadogo niamkieni kimoyomoyo, nitaitika. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na minne, nina mke mmoja, kitambi kimoja na duka moja la pembejeo, naishi pembeni ya Singida Mjini, upande wa Mwankoko. Admin, nifiche vizuri, ingawa mke wangu akipita hapa atanijua tu kwa ninavyojisifu.

Zamani nilikuwa bwana shamba wa ushirika. Ushirika ulipokufa na biashara kuachiwa kila mwenye mtaji, nikafungua duka. Tangu hapo watu wananiletea majani ya alizeti, ya vitunguu, ya nyanya, mengine yamefungwa kwenye gazeti, mengine yametoka ndani ya kofia. Mimi nalinyanyua jani kwenye mwanga kama daktari na picha ya kifua, nauliza maswali yangu, natoa hukumu. Ninakosea mara chache, na nikikosea huwa nasema mvua ndiyo ya kulaumiwa.

Miaka mitatu iliyopita nilikuta msokoto wa bangi kwenye suruali ya kijana wangu wa kwanza. Nimuite Eliya. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Mimi ninayemuuliza mkulima maswali kumi kabla ya kumuuzia dawa, siku ile sikuuliza hata moja. Nilirusha begi lake nje majirani wakitazama, nikamwambia asikanyage tena kwangu. Mama yake alinishika shati akilia mpaka vifungo vikatoka. Eliya aliondoka bila kugeuka.

Kuanzia siku hiyo mke wangu hakuniita tena Baba Eliya. Alihamia kwa mtoto wa pili, nikawa Baba Neema. Chumba cha Eliya alikifunga na ufunguo akautia kwenye fundo la khanga. Nikajifanya sijaona.

Sasa mwezi juzi akaniletea chakula dukani. Nilipomaliza kula akafungua fundo, akatoa jani moja jembamba, la njano, kingo zake kama msumeno.

"Baba Neema, kuna mama kwenye kikundi chetu, ua lake linaumwa."

Nikavaa miwani, nikaweka na sura ya ofisini. "Unjano umeanzia chini au juu?"

"Chini."

"Linalegea?"

"Linalegea hata likiwa limenyweshwa."

"Linakaa wapi?"

"Ndani. Kwenye ndoo."

"Ndani! Ndoo ina matundu?"

"Matundu ya nini?"

Nikacheka mpaka mteja akageuka. "Mwambie huyo mama analiua kwa mapenzi. Mizizi imezama. Anamwagilia mara ngapi kwa siku?"

Mke wangu akaangalia pembeni. "Kila akikumbuka."

"Basi apunguze kukumbuka! Atoboe ndoo chini, aisogeze dirishani, asubiri udongo ukauke ndipo amwagilie. Na asiende kununua mbolea kwa pupa, ataliunguza." Mtu wa duka la mbolea nakataza mbolea, mjue nilikuwa nimefurahi sana kuulizwa na mke wangu. Maana tulikuwa hatuongei zaidi ya chumvi na ada.

Jumamosi iliyofuata nilirudi nyumbani mchana, nikaona maji yanatiririka chini ya mlango wa chumba cha Eliya. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Nikasukuma. Kitanda kimetandikwa. Chini ya dirisha, nyuma ya pazia, ndoo ya mafuta ya alizeti imetobolewa matundu kwa msumari wangu, na juu yake mche umefika kiunoni. Dukani nilikuwa nimeletewa kidole kimoja tu cha jani hilo. Hapa niliona kiganja kizima, na kiganja hicho nakifahamu tangu nikiwa Jeshi la Kujenga Taifa.

Nikashika shina ning'oe.

"Baba Eliya, usiliguse."

Miaka mitatu sijaitwa hivyo. Mkono ukabaki palepale.

"Unajua hii ni nini?" nikamuuliza.

"Mimi siyo mjinga. Suruali yake niliifua, mbegu zilikuwa kwenye pindo la mfuko. Nikazihifadhi, mwaka huu nikaziweka kwenye udongo. Simpi mtu, sivuti, siuzi. Ndicho kitu pekee alichoacha humu ambacho bado kinaishi."

"Mama Eliya, mche mmoja unatosha kutupeleka polisi sote!"

"Siku akiingia mlango huu nitaung'oa kwa mkono wangu, niuchome. Kabla ya hapo, ukiung'oa, nifukuze na mimi. Begi langu unalijua lilipo."

Ndipo nikalielewa lile jibu la dukani. Kila akikumbuka. Kabla ya matundu, ndoo nzima ilikuwa imejaa maji ya kumkumbuka Eliya.

Wapendwa, mnicheke mkitaka, lakini nilitoka mle ndani bila kung'oa. Juzi nilichungulia. Juu kumetoka majani mapya, mabichi kabisa. Nimemtibu mgonjwa ambaye sitakiwi hata kuwa naye ndani. Kila pikipiki ikisimama nje nadhani ni polisi, na nikimtazama mke wangu naona yeye hasikilizi pikipiki, anasikiliza geti.

Eliya nimesikia yuko Itigi, anapakia magunia stesheni. Siyo mbali. Nimeshafika stendi mara mbili, na mara zote mbili nimerudi nyumbani na maandazi, nikasema nilifuata mzigo. Mke wangu ameyala maandazi bila kuuliza mzigo uko wapi.

Mche najua lazima uondoke, hilo msinishauri. Ninachoomba ni hiki. Nikimkuta mwanangu pale na gunia begani, neno la kwanza liwe lipi? Nianze na samahani, au nianze na lile swali ambalo sikumuuliza siku ile? Wazazi semeni, lakini hasa ninyi mliowahi kufukuzwa na baba zenu: mlikuwa mnasubiri kusikia nini?