Matanuri Madogo ya Nkuhungu

Nilimwahidi shangazi yangu, tukiwa tumesimama katikati ya matope yaliyokuwa matofali yake, kwamba msimu unaofuata hakuna tofali lake litakalorudi kuwa udongo. Alinitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgeni anayeaga kwa kuahidi kwamba atarudi na ukoo wake wote.

"Ahadi ya mtu wa chuo ina mdomo mzuri, baba," alisema. "Sasa ije na mikono."

Shangazi ndiye aliyenilea na kunisomesha baada ya baba yangu, kaka yake, kufariki. Shirika la umma alilokuwa mpishi wake lilipofungwa, katika miaka ile ambayo kila mtu aliambiwa ajitafutie, alichonga kalibu, akakodi kiwanja pembezoni mwa Nkuhungu, hapa Dodoma, na kuanza kufyatua matofali. Mkandarasi aliyekuwa akijenga nyumba za watumishi kule mtaa wa Kikuyu akawa mteja wake, na kazi hiyo ndiyo iliyotuweka mjini. Baada ya mvua iliyoyayeyusha matofali yale, mkandarasi alitamka wazi kwamba atamvumilia kwa msimu mmoja tu. Akikosa tena, atahamia kwenye matofali ya saruji.

Kosa lilikuwa la kwetu kabisa. Mtu wa Dodoma hukiamini kiangazi kuliko anavyouamini ukuta wa nyumba yake. Mvua zikishakatika, hatarajii tone mpaka mwaka ukaribie kuisha, na kwa imani hiyo wachoma matofali wote waliyaacha mabichi yao wazi, wakingoja yatimie ya kupanga tanuri moja kubwa. Tanuri kubwa lilikuwa heshima. Wapita njia walisimama na kuulizana ni la nani. Mwaka ule mvua ilishuka Oktoba, mchana, huku watu wakiambiana kwamba ni wingu la kupita tu.

Chuoni nilikuwa nimefundishwa kwamba moshi wa viwanda, wa magari na wa misitu inayochomwa huacha angani hewa inayozuia joto lisitoke, na kwamba majira yenyewe yangeanza kuyumba. Sikuweza kujua kama mvua ile moja ilitokana na hayo, na nilimwambia shangazi hivyo. Lakini nilimkumbusha tembe la bibi, nyumba yake ya udongo isiyo na dirisha: moto ukikokwa ndani, hutokwa jasho hata asiyepika. Nikamweleza kwamba kila mfanyabiashara atalazimika kujiuliza anaongeza moshi kiasi gani, na hali ya hewa ikimgeuka atasimamaje. Kiwanja chake hakikuwa na jibu zuri kwa lolote kati ya hayo. Kuni zake zilitoka vilima vya Kibakwe, na dereva wa lori alilalamika kwamba kila msimu huzifuata mbali zaidi.

Kiangazi kilipoanza nilipendekeza tuchome matanuri madogo, moja baada ya jingine, kila yanapokauka matofali machache, ili mvua ikija isikute mali yote nje. Pia udongo uchanganywe na maganda ya karanga. Mashine za watu binafsi za kubangua zilikuwa zimechipuka mjini, na maganda yake yalichomwa jalalani bila kumfaa mtu. Ndani ya tofali yangeungua na kulipika, nasi tukapunguza magogo.

Fundi wetu wa kupanga matanuri, mwanamume wa makamo aliyejulikana mtaa mzima kwa matanuri yake marefu, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Msomi," alisema, "tanuri dogo ni jiko la mwanamke aliyegombana na mumewe."

"Mimi wangu alikufa tukiwa tumepatana," shangazi alimjibu, akiendelea kuosha kalibu. "Kwa hiyo nitapika ninavyotaka."

Tulianza vibaya. Tulitia maganda mazima, na tanuri la kwanza lilipofunguliwa matofali yalikuwa na vishimo kila upande. Fundi aliinua moja, akalizungushazungusha juani, akauliza kwa sauti ya msiba kama limeshapelekwa hospitali, maana lina ndui. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake alitoa vinu, akawaita majirani zake, na maganda yakatwangwa na kuchekechwa kama unga wa uji. Tanuri la pili lilitoa matofali mekundu, na ukiyagonganisha yalilia kama sahani. Magogo yaliyobaki bila kuchomwa yalifika kifuani mwa fundi, naye aliyazunguka akiyahesabu.

Jumamosi zote za kiangazi hicho nilizimaliza kiwanjani. Nakumbuka mikono iliyopasuka, chai ya tangawizi, na fundi akibishana na shangazi kuhusu mdomo wa tanuri uelekezwe wapi. Sidhani kama nimewahi kuwa na furaha iliyotulia kuliko ile.

Mvua ilikuja mapema tena. Ilikuja kwa upepo, wakati sehemu kubwa ya matofali ilikuwa imekwisha kuiva, na yaliyobaki mabichi tulikuwa tumeyafunika kwa nailoni. Tulijibanza chini ya kibanda, tukisikiliza nailoni ikipigwa. Ilipokatika, shangazi alitangulia. Upepo ulikuwa umeifunua pembe moja, na matofali ya pale yalikuwa yamelegea kama ugali wa mgonjwa. Alichutama, akaingiza mkono ndani ya rundo, akapapasa.

"Ahadi yako imelowa pembeni tu, baba," alisema. "Ndani ni kavu."

Lori la mkandarasi lilikuja na kuondoka limejaa, na likarudi tena. Kazi ikabaki kwetu. Siku hizi fundi huwaeleza wenzake kwamba tanuri dogo ni fikra aliyoizaa mwenyewe, nasi hatujaona sababu ya kumnyang'anya mtoto. Yale magogo ya Kibakwe yangalipo kiwanjani. Wafyatuaji huyakalia wanapokunywa chai.

Nawe msomaji, siku utakapojenga, nina ombi moja. Kabla hujanunua matofali, muulize anayekuuzia aliyachoma kwa kitu gani, na mvua ilipokuja aliyafunika kwa kitu gani.